Chungu cha Upande wa Pili

"Kaka, hicho kitu kinalia, au umekibeba kama pambo?"

Isakwisa alikuwa bado na mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Vumbi la njia ya Tunduma lilikuwa limempaka nyusi nyekundu, kaunda suti yake ya kijivu imekunjamana kama jani kavu la mgomba, na kifuani amekumbatia gramafoni ya betri ambayo hakuiweka chini tangu Mbeya. Stendi ya Sumbawanga ilikuwa inachemka. Magunia ya ulezi yanarushwa juu ya keria, kuku wanapiga kelele vichwa chini miguu juu, kondakta anaita Namanyere kama vile Namanyere imepotea.

Aliyeuliza alikuwa msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, gauni la kitenge cha manjano na sweta zito la buluu juu yake, maana Ufipa hata jua likiwaka upepo unakung'ata tu. Miguuni pake palikuwa na boksi la karatasi ngumu. Pembeni yake amesimama kijana mfupi mwenye kofia ya kufuma.

"Kinalia," alijibu Isakwisa. "Ila kwa watu wanaoanza na salamu."

"Habari ya safari, ndugu."

"Nzuri."

"Haya, salamu imekwisha. Kinalia kwa betri ngapi?"

Isakwisa alicheka bila kupenda. Msichana akajitaja: Emerensiana. Mwenye kofia ni Muhidin, wa kwa Mzee Hamidi mwenye maduka na malori. Ndani ya boksi mna santuri mia moja, ndefu zile za nyimbo nane, zimefika mchana huo kutoka kiwandani Nairobi kwa lori la kina Muhidin. Ni zao wenyewe. Wamezitunga, wamezipiga na kuzinasa kwenye ghala la ulezi kwa kinasa sauti cha kuazima. Na gramafoni pekee ya kikundi imekufa juzi.

"Tumezishika, tumezinusa," alisema Emerensiana. "Kuzisikia bado. Kaka yangu, nihurumie. Mtu hawezi kuzaa halafu akanyimwa kumwona mtoto."

Unamjibuje mtu wa namna hiyo? Waliiweka gramafoni juu ya benchi la mgahawa wa stendi, Isakwisa akapuliza vumbi kwenye sindano, santuri ikaanza kuzunguka.

Kwanza lilikuja gitaa, dansi lile la kukufanya utazame viatu vyako. Chini yake likaingia dufu, la madrasa hasa, Muhidin akafumba macho. Mara juu ya vyote vikashuka sauti za wanawake, zimepangwa ngazi kwa ngazi kama kwaya ya misa, lakini maneno ni ya kupalilia maharage. Mpishi wa chapati aliacha chapati ikaungua. Mpagazi mmoja akatua gunia akaanza kucheza na mabega tu, mikono mifukoni.

"Hii bendi ya shirika gani?" aliuliza mzee mmoja mwenye koti la mvua.

"Ya kwetu wenyewe, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Haiwezekani. Bendi lazima iwe ya polisi, au ya reli, au ya vijana wa chama. Hii ya nani?"

"Ya sisi tunaopiga."

Mzee akatikisa kichwa, lakini mguu wake ulikuwa unakubali. Wimbo wa nne ulipoanza kuzama na kuvuta maneno kama mlevi, Isakwisa akajua betri zimekwisha. Watu wakalalamika.

"Na upande wa pili?" aliuliza.

"Huo," alisema Emerensiana akimtazama moja kwa moja usoni, "ndio wenyewe. Utausikia siku nyingine, ukijaliwa."

*

Mkoa wa Rukwa ulikuwa haujatimiza hata miaka miwili siku hizo, na kila basi la Mbeya lilikuwa likishusha makarani wapya. Isakwisa alikuwa mmoja wao, karani wa mipango, Mmoraviani wa Rungwe, miaka ishirini na saba, mpole wa sura na mkaidi wa ndani. Siku ya tatu kazini aliinua simu ya ofisi apate Mbeya.

"Nambari, tafadhali."

Sauti ile! Akasahau nambari.

"Nambari tafadhali, ndugu, watu wanasubiri laini."

"Nipe yule mwenye sweta la buluu."

Kicheko kilichozibwa kwa kiganja. "Mtu wa ndizi za Rungwe! Umepata betri?"

"Nimepata. Kumbe wewe ndiye posta?"

"Mimi ndiye masikio ya Sumbawanga. Anayegombana na mkwe wake Mpanda namjua, anayemdanganya mkewe Mbeya namjua. Jiangalie."

Tangu hapo Isakwisa akawa na shughuli nyingi za simu kuliko mkuu wake wa idara. Akitaka Namanyere, kwanza aulize amekula nini. Akitaka Mpanda, kwanza aimbiwe ubeti. "Nambari, moyo wangu?" "Nambari ni moja tu, mpenzi, nyingine zote zimekosewa." Jioni Emerensiana alipochomoa nyaya zake za mwisho, Isakwisa alikuwa mlangoni pa posta na viatu vya raizoni, vya soli nene, vilivyopigwa rangi mpaka vinajiona. Walitembea mpaka mwisho wa mji, pale mashamba yanapoanza, upepo unampepea Emerensiana kitenge, Isakwisa anashika kofia yake.

"Kwa nini mmechanganya vile?" alimwuliza siku moja. "Dufu, kwaya, dansi. Wengine watasema hamjui mnalolitaka."

Emerensiana alimwonyesha shamba la jirani, matuta ya mviringo yamejipanga kama mikate. "Unajua ndani ya tuta la Kifipa mna nini? Majani. Yote, ya kila aina, unayafukia pamoja yaoze. Mwakani unapanda juu yake. Hakuna anayeuliza hili jani la nani. Santuri yetu ndiyo maana inaitwa Matuta."

Isakwisa alitamani kumwambia jambo akalizuia. Kwa mwaka mzima yeye ndiye alikuwa akiandika safu ya muziki katika gazeti moja la Jumapili la Dar es Salaam, kwa jina la siri, Sikio la Bara. Mtumishi wa serikali kuandika magazetini lilikuwa jambo la kuitiwa ofisini, kwa hiyo hakumwambia mtu. Tena moyoni alijipangia: nitaisifu santuri hii nchi nzima isome, halafu nimwambie, uone atakavyoruka.

Jumamosi moja Emerensiana alimletea santuri imefungwa kwenye khanga.

"Sikiliza peke yako. Pande zote mbili. Usiniulize kitu mpaka umalize, na usije na maswali ya kiofisi. Nataka sikio lako tu."

"Na nikiipenda?"

"Ukiipenda upande wa pili, Isakwisa, kuna mtu nitakupeleka ukamsalimie."

Aliisikiliza mara tatu. Upande wa kwanza aliujua. Upande wa pili, wimbo wa pili ulipoanza, alinyanyua sindano akaifuta. Akairudisha. Sauti ilikuwa palepale: mngurumo mzito, unakwaruza, unavutwa na kuachiwa, umefunika magitaa mpaka yanasikika kama yako chumba cha pili. Ukaendelea wimbo mzima, na wimbo wa tatu, na wa nne. Isakwisa alijishika kichwa. Masikini! Wamesubiri miezi mitano, kiwanda kimewaharibia. Na Emerensiana, maskini ya Mungu, hajui, au anajua na anaona haya, ndiyo maana amekataza maswali.

Akakaa akaandika. Aliandika kwa mapenzi yote aliyonayo mtu.

*

Gazeti la Jumapili hufika Sumbawanga Jumatano. Siku hiyo saa ya chakula Isakwisa alizunguka nyuma ya posta, gazeti limekunjwa kwapani, uso unang'aa. Emerensiana alikuwa amekaa kwenye ngazi, hajagusa chakula.

"Umesoma?"

"Mji mzima umesoma. Nikimpata huyo Sikio la Bara nitamng'oa masikio yote mawili nimpe paka."

Isakwisa alidhani ndio utani wenyewe wa furaha. Akainamisha kichwa. "Basi anza. Yako hapa."

Emerensiana hakucheka. Alimtazama, akalitazama gazeti, akamtazama tena.

"Ni wewe?"

"Nimekupigania, mpenzi! Soma vizuri. Nimeandika kosa si lenu, ni la kiwanda. Nimeandika wenye kupenda muziki wasinunue mpaka ichapwe upya. Watachapa upya sasa, lazima."

"Kosa gani?"

"Ule mkwaruzo. Upande wa pili wote, ngruuu, ngruuu, kama..."

"Kama breki za lori linaloshuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa," Emerensiana alimalizia. Alikuwa ameshaikariri makala neno kwa neno. "Isakwisa, ule si mkwaruzo. Ule ni chungu. Kigoda kimegeuzwa juu ya mdomo wa chungu kikubwa, kinasukumwa na kuvutwa kwa mikono miwili. Wanawake wa kwetu wamecheza kwa sauti hiyo kabla hujapelekwa shule. Na anayekisugua ni mama yangu mzazi, Cornelia, niliyemtoa kijijini Kate akalala kwenye lori la magunia ili akae ghalani siku tatu."

Gazeti lilimtoka Isakwisa kwapani. "Emere..."

"Umesikia mama yangu ukadhani ni uharibifu."

"Sikujua! Uliniambia nisiulize."

"Nilikuambia usiniulize mimi. Sikukuambia uiambie Tanzania." Alisimama, akakung'uta gauni. "Kwa Muhidin wamerudisha santuri kumi na mbili tangu asubuhi. Mtu wa redio aliyetuahidi ametuma neno, atangoja zilizo nzima. Na wenzangu kwenye kikundi wamekaa: tunase utepe mpya, magitaa peke yake, chungu kitoke. Lori la Nairobi linaondoka Alhamisi ya wiki ya tatu. Nimewapigia magoti wangoje mpaka siku hiyo ndipo waupeleke, basi. Kama maneno hayajabadilika, mama yangu anafutwa. Umenielewa? Sauti yake inafutwa kama chaki."

"Nitarekebisha."

"Rekebisha kwanza masikio." Akaingia ndani, mlango ukafungwa bila kishindo, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Alasiri Isakwisa aliinua simu.

"Nambari, tafadhali."

"Emere, nisikilize."

"Laini hiyo ina shughuli."

"Ni mimi."

"Ndiyo yenye shughuli."

Siku mbili nzima ofisi ya mipango haikupata hata Namanyere.

*

Kumbe ukaidi nao una faida zake. Jumamosi alfajiri Isakwisa alipanda lori la maharage kwenda Kate, akafika saa saba mchana akiwa na vumbi zaidi kuliko siku aliyofika Sumbawanga. Alielekezwa shambani. Mwanamke wa makamo, mnene wa mabega, kitambaa chekundu kichwani, alikuwa anakata udongo kwa jembe na kufunika majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Ni wa mbali, mama. Mimi ndiye niliyeandika gazetini kwamba chungu chako ni breki za lori."

Cornelia akasimamisha jembe. Alimpima toka raizoni mpaka kofia. "Breki nzuri au mbaya?"

"Sikuandika, mama."

"Basi hukujua kazi yako. Breki mbaya zinaua, nzuri zinaokoa watu. Kuna jembe jingine pale kwenye kisiki. Vua hivyo viatu vya sherehe."

Isakwisa alilima. Alikata majani, akayapanga mviringo, akayafunika kwa udongo, na tuta lake la kwanza lilibomoka, Cornelia akalitazama akasema, "Hilo ni kaburi la mbwa. Rudia." Mikono ilimchubuka. Jua lilipolala ndipo alipopata ujasiri wa kusema alichokuja kusema: kwamba anaomba radhi, na kwamba anaomba akisikie chungu chenyewe, kwa masikio yake, si kwa sindano.

"Chungu nimekirudisha jikoni," alisema Cornelia. "Emerensiana amenitumia habari. Nikasema basi, kama ni kelele, kipike maharage. Kiko motoni."

"Siwezi kukisikia?"

"Maharage yaive kwanza."

Walikula maharage. Isakwisa alikula kwa haraka ya mtu anayetaka chungu kiwe kitupu, Cornelia akacheka mpaka kitambaa kikamtoka. Kisha akakiosha, akakikausha kwa majani, akakiweka kwenye sakafu ya udongo, akageuza kigoda juu ya mdomo wake, akapiga magoti. Akasukuma.

Sauti ile ile. Lakini santuri ilikuwa haikumwambia yote. Mngurumo ulipita ardhini ukapanda kwenye mifupa ya miguu yake. Alipovuta ulilia, aliposukuma ulinguruma, na katikati ya viwili hivyo palikuwa na pumzi, na Cornelia akawa anaimba ndani ya pumzi hiyo kwa sauti ndogo. Jirani mmoja akaja akaanza kucheza mlangoni, hakuitwa. Isakwisa akaelewa kwa nini magitaa yalisikika kama yako chumba cha pili. Yalikuwa yamempisha mwenye nyumba.

"Mama," alisema baadaye, "mimi ni mjinga."

"Ujinga si ugonjwa. Umekula maharage yangu, sasa nenda ukaseme."

*

Barua isingewahi. Ijumaa iliyofuata saa nne asubuhi, siku ambayo mhariri hufunga ukurasa wake, Isakwisa aliinua simu na karatasi mkononi.

"Nambari, tafadhali."

"Dar es Salaam. Gazeti. Ni ya kazi, Emere. Usinikatie. Baada ya hapo usiongee nami mpaka kiama ukitaka."

Alisikia pumzi yake. Kisha nyaya: tik, tik. "Mbeya, Sumbawanga hapa. Nipe Dar." Sauti ya msichana wa Mbeya, Tusekile, ikaitika kutoka mbali. Mvua za mwisho za Aprili zilikuwa zinapiga nguzo huko njiani na laini ilikuwa inakoroma. Mwishowe mhariri akapatikana.

"Halo! Nani? Sema kwa sauti!"

Isakwisa alipaza sauti. Mhariri hakusikia hata neno. Alipiga kelele mpaka makarani wenzake wakachungulia mlangoni. Dar ikasikia upepo tu.

"Sumbawanga," Tusekile aliingilia, "huyo mwanamume hapiti. Wewe nakusikia. Yeye akuambie wewe, wewe uniambie mimi, mimi nimwambie Dar. Haraka, nina watu."

Ndiyo ilikuwa desturi yao laini ikiwa mbaya. Sauti nyembamba ya kike hupenya pale nzito inapozama. Hakuna opereta aliyekataa kazi hiyo.

"Soma, mteja," alisema Emerensiana kwa ukavu.

"Nilikosea," alisoma Isakwisa.

"Nilikosea," alisema Emerensiana.

"Nilikosea," alisema Tusekile, mbali.

"Mkwaruzo niliouandika si wa kiwanda. Ni chungu cha mama mmoja wa Kate, na ndio uti wa mgongo wa santuri nzima."

Emerensiana alirudia. Sauti yake ilikuwa imara mpaka kwenye neno mama.

"Nilisikiliza kama mgeni anayeingia nyumba ya watu akaona jiwe la kusagia, akasema, mbona mna jiwe ndani. Magitaa ni yale tuyajuayo mijini. Dufu ni la madrasa, sauti ni za kanisani. Tumezoea kuviweka kila kimoja kwenye sanduku lake. Hawa vijana, wasio na shirika wala bosi, wamevifukia vyote tuta moja, na juu yake wakakiacha chungu kiseme. Kinachoota hapo bado hakina jina. Mimi nimejaribu kukitafutia jina wiki nzima, nikashindwa, na nimefurahi kushindwa."

"Polepole!" alisema Tusekile. "Dar anasema polepole. Anasema... anasema ni nzuri. Endelea."

"Anayetaka muziki usiomwuliza kitu asinunue. Wengine wote waitafute kama ilivyo. Ikichapwa tena bila chungu, mimi wa kwanza sitaigusa. Na jina la siri liondolewe. Weka Isakwisa, karani, Sumbawanga."

Hapo Emerensiana hakurudia.

"Sumbawanga? Sumbawanga, umekatika?"

"Wataku... watakuita ofisini," Emerensiana alimnong'oneza Isakwisa. "Utapata barua ya onyo."

"Waniite tu, niwe na jina. Sema."

Akasema. Tusekile akasema. Dar ikacheka, ikauliza kama yamekwisha.

"Bado moja," alisema Isakwisa. "Opereta wa Sumbawanga nampenda, na namwomba msamaha, kwake na kwa mama yake."

Mvua tu.

"Mbeya," alisema Emerensiana, na sauti ilikuwa imemlowa, "hayo ya mwisho ni ya nje ya makala."

"Sijayasikia vizuri," alisema Tusekile, aliyesikia kila herufi. "Rudia yote, tena kwa sauti. Dar naye anauliza."

*

Jumatano lilipofika basi, Muhidin alilinunua gazeti akiwa bado juu ya ngazi ya kondakta. Alisoma amesimama kwenye bampa la lori la baba yake, kundi limemzunguka, na alipofika kwenye maneno "chungu kiseme" alivua kofia akaipiga hewani.

"Nani alisema chungu kitoke?"

"Wewe," walimjibu wenzake wa kikundi kwa pamoja.

"Basi mimi nimekufa. Anayeongea sasa ni mwingine. Utepe mpya ukatupwe!"

Alhamisi lori liliondoka bila utepe. Lilibeba barua tu: zichapwe zaidi, kama zilivyo, pande zote. Wiki hiyo waliorudisha santuri walirudi dukani kuzidai tena, wengine wakiapa hawakuwahi kuzirudisha. Redio ikaupiga wimbo wa pili wa upande wa pili saa mbili asubuhi, na mkuu wa idara, aliyekuwa amemwandikia Isakwisa barua ya onyo yenye mihuri miwili, alionekana akigonga meza kwa kalamu. Barua zikaja kutoka Tabora, Kigoma, Songea. Mwalimu mmoja wa Kyela aliandika kwamba amebishana na mkewe siku tatu kama ule ni mnyama au ni mtu. Mhakiki mwingine wa muziki, wa gazeti jingine, aliiponda tena kwa aya sita, na hiyo ilisaidia kuliko sifa.

Emerensiana alikuwa anamjibu simuni, ila kwa kiasi. "Nambari, ndugu." Ndugu! Isakwisa alikondeshwa na neno hilo wiki kadhaa. Hakubembeleza sana. Aliomba laini zake, akashukuru, akaweka simu.

Saba Saba ikafika na baridi yake ya kukausha midomo. Ukumbi wa mji ulijaa mpaka madirishani, makoti na mablanketi, na kwa mara ya kwanza katika sherehe hizo walialikwa wanamuziki wasio wa shirika lolote. Emerensiana alitoka amevaa gauni jeupe la mikono mirefu, gitaa limeshuka kiunoni, nywele amesuka mistari inayokutana utosini. Vigelegele vikapigwa kabla hajafungua mdomo. Upande wa kwanza walipiga wote. Kisha Cornelia akaingia na chungu kichwani, na watu wakasimama. Wanaume wazima walisimama.

Alikiweka chini, akageuza kigoda, akapiga magoti, akasukuma. Chungu kikateleza. Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya saruji, imepigwa nta kwa ajili ya sherehe, inang'aa kama kioo. Akakivuta, akasukuma tena, kikakimbia mpaka kwenye miguu ya Muhidin. Minong'ono ikaanza. Mtu akacheka. Emerensiana alibaki na mkono juu ya nyuzi, uso umemkauka.

Cornelia alijifuta jasho kwa mgongo wa kiganja akaangaza ukumbini.

"Yuko wapi yule wa breki?"

Isakwisa alikuwa nyuma kabisa, amebanwa kati ya nguzo na askari. "Niko hapa, mama!"

"Vua hivyo viatu, uje unishikie."

Ukumbi ukaangua kicheko, ukampisha. Alipita peku, raizoni mkononi, akakaa chini kwenye saruji ya baridi, akakikumbatia chungu kwa magoti na mikono yote miwili. Emerensiana aliinama kana kwamba anarekebisha waya.

"Unajua unachofanya?" alimnong'oneza.

"Nashika chungu."

"Chungu cha mama yangu hakishikwi na mgeni. Tangu nizaliwe nimeona wakikishika watu watatu tu: baba, kaka yangu, na mimi. Watu wa Kate wako pale mbele, wameona. Kesho itakuwa Kate nzima."

Isakwisa alimtazama. Jasho lilikuwa limemtoka na baridi yote ile. "Niachie?"

"Ukiachia," alisema Emerensiana, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili macho yake yalicheka, "nitakung'oa masikio. Ukishika mpaka mwisho wa wimbo, mpenzi, tafuta mshenga anayejua Kifipa, aje Kate kabla ulezi haujaisha ghalani."

"Na kanisa? Mimi Mmoraviani, wewe wa misa."

"Shika chungu!"

Akageukia ukumbi, akahesabu tatu kwa kisigino. Cornelia akasukuma kwa uzito wake wote, na safari hii chungu hakikusogea hata ukucha. Kilinguruma, madirisha yakajibu, na watu mia tano wa Sumbawanga wakaingia ndani ya wimbo kwa pamoja.